Kukunja nywele nyumbani bila chuma cha moto: tatizo si rola, ni maji yaliyobaki ndani

Mleta uzi, Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu wa jukwaa hili. Wafanyakazi wenzangu na majirani wamekuwa wakiniuliza ninavyozikunja nywele zangu bila chuma cha moto, na kila mara nimejibu kwa haraka, mlangoni au ndani ya daladala, kisha baada ya wiki nasikia kwamba aliyejaribu amekata tamaa. Leo naandika kwa kirefu, kwa sababu nimekuja kuona kwamba wengi wanaoshindwa hawaangushwi na kifaa walichotumia. Wanafungua nywele kabla hazijakauka.

Nianze na yaliyonifikisha hapa. Nywele zangu ni asilia, za kipilipili, nene. Kwa miaka mitatu nilizipiga pasi kila Jumamosi na kuzikunja ncha kwa chuma, na mtu aliyekuwa akinitengeneza wakati huo aliongeza moto kila nywele zilipokataa kulala. Siku nilipoamua kuzipumzisha nikaziosha, za nyuma zilijikunja kama kawaida yake, lakini za mbele, juu ya paji la uso, zilibaki zimenyooka na kukakamaa kama nyasi za kiangazi. Nilizipaka kila nilichoshauriwa na hazikurudi. Vyuma hivyo hufikia nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi, na katika joto hilo kinachoharibika ni protini yenyewe iliyoujenga unywele. Unywele ukikutwa bado una maji, maji hayo huchemka ndani kwa ndani na kuacha viputo vinavyoufanya ukatike. Ilinibidi nisubiri ziote upya huku nikizikata zilizoungua kidogo kidogo, na kwa kuwa nywele huota karibu sentimita 1 tu kwa mwezi, kazi hiyo ilinichukua miaka miwili.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Aliyewahi kumwangalia mama anayesuka mikeka anajua kwamba miyaa huloweshwa kwanza ili ipindike bila kuvunjika, na ikishakauka hubaki na umbo ililopewa. Nywele hufuata kanuni hiyo hiyo. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali, viwili kati yake vikituhusu hapa. Vya kwanza ni vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni vingi mno na ni dhaifu: maji yakiingia vinaachia, maji yakitoka vinashikana upya mahali vilipokutwa. Vya pili ni vifungo vya salfa, ambavyo haviachii kwa maji wala kwa kuloweka usiku kucha, vinahitaji dawa. Ndiyo sababu dawa ya kulainisha nywele haiondoki kwa kuoshwa, na ndiyo sababu kalikiti, ambayo mama zetu na shangazi zetu waliipenda katika miaka ya 1980, ilidumu kwa miezi: dawa ya kwanza ilivunja vifungo vya salfa, nywele zikazungushwa kwenye rodi, na dawa ya pili ikavifunga upya zikiwa zimekunjwa. Sisi tunaokunja kwa maji hatugusi vifungo hivyo. Tunavifungua vile vya haidrojeni, tunavipa umbo, kisha tunasubiri vishikane. Umbo letu litadumu siku tatu, nne, pengine wiki, na litaondoka nywele zikilowa. Hasara hiyo mimi naipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu nywele ninazozifungua leo ndizo zile zile nitakazoziosha wiki ijayo zikiwa nzima.

Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajieleza. Nywele zikifunguliwa zikiwa na unyevu ndani, vifungo vilivyokuwa havijashikana hushikana nje ya rola, hewani, katika umbo lolote zinaloangukia. Asubuhi mikunjo inaonekana mizuri kwenye kioo, na ifikapo saa nne imekwisha. Mtu hulaumu rola, hununua nyingine za bei kubwa zaidi, na matokeo yanakuwa yale yale.

Kwa nywele za kipilipili kama zangu ninatumia mafundo. Siku ya kwanza naosha, natia kondishena, nasuuza, kisha nazifunga nyuzi: nachukua uzi mweusi wa kusukia, nagawa kichwa sehemu kumi au kumi na mbili, na nazungushia uzi kila sehemu kutoka karibu na shina hadi nchani bila kukaza. Huu ni ufundi wa bibi zetu, na sijaona kifaa cha dukani kinachozinyoosha nywele asilia vizuri zaidi bila moto. Siku ya pili zimekauka na zimerefuka. Hapo nanyunyizia maji kidogo sana kwa chupa ya kupulizia, kiasi cha kuzifanya zilegee zisiwe za kuchuruzika, napaka krimu kidogo ya kuacha kichwani na jeli juu yake, nasokota kila sehemu kwa vidole hadi ianze kujiviringa yenyewe, kisha naizungusha juu ya shina lake mpaka iwe fundo dogo na kuichomeka ncha chini. Kwa kuwa maji ni machache, usiku mmoja unanitosha hata hapa Tanga.

Kufungua nako kuna adabu yake. Napaka mafuta ya nazi matone mawili matatu viganjani, nafungua fundo kwa kulizungusha kinyume na nilivyolifunga, na siligawi mpaka yote yamefunguka na kupoa kwa dakika kumi. Baadaye nagawa kila msokoto mara mbili tu kwa vidole. Sitii kitana hata kidogo. Nikitaka kupandisha mashina nainua kwa meno ya chanuo pale chini tu, bila kulishusha hadi nchani.

Jeli yangu naitengeneza mwenyewe kwa bamia. Nakata bamia sita au saba, nachemsha kwa vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi hivi, nachuja kwa kitambaa chepesi yakiwa bado ya vuguvugu, na ule mlenda unaopita kwenye kitambaa ndio jeli. Unakaa kwenye jokofu siku chache, na ukianza kunuka unamwagwa. Mbegu za kitani zinatoa jeli nzito zaidi kwa aliye nazo, ila zichujwe zikiwa za moto, maana zikipoa hazipiti kwenye kitambaa.

Karibuni kwa maswali, na mwenye ujuzi wa nywele za aina nyingine aniongezee, kwa kuwa mimi nimeandika ninayoyajua kwa kichwa changu.

Mchangiaji, Mombasa

Dada yangu, nakushukuru kwa maelezo, lakini nina kilio. Nimejaribu mafundo mara nne. Nayafunga saa tatu usiku baada ya kuoga, nayafungua saa kumi na moja asubuhi, navuka Likoni kwa feri, na kabla sijafika kazini nywele zimefura kama sikuzigusa. Nimefikia kuamini kwamba hali ya hewa ya Pwani haituruhusu, na kwamba mambo haya ni ya watu wa bara. Natumia krimu nzuri yenye gliserini na nywele ninazifunga zikiwa mbichi kabisa kutoka bafuni, kama wanavyoelekeza kwenye video.

Mleta uzi, Tanga

Dada, pole. Umeyataja mwenyewe mambo mawili yanayokuangusha. La kwanza ni kufunga nywele mbichi saa tatu na kuzifungua saa kumi na moja. Hayo ni masaa manane. Fundo ni nywele zilizojikunja juu ya nyingine, hewa haipiti katikati yake, na hewa ya Mombasa yenyewe imekwisha kubeba maji mengi kiasi kwamba haina haja ya kuyachukua ya kichwani kwako. Wanaokuelekeza kwenye video wengi wanaishi katika nchi ambako hewa ni kavu na nyumba zina mashine za kuipasha joto.

La pili ni gliserini. Gliserini huvuta maji kutoka mahali yalipo mengi. Kwenye hewa ya Pwani maji mengi yako nje, kwa hiyo inayavuta kuyaingiza ndani ya unywele, vifungo vinaachia, na nywele zinafura. Krimu hiyo hiyo inaweza kumfaa sana mtu wa Njombe. Kwako wewe soma kopo, na gliserini ikiwa miongoni mwa vitu vya mwanzo vilivyotajwa, iweke kando mpaka msimu wa mvua upite.

Nakuomba ujaribu hivi. Osha Alhamisi jioni na uzifunge nyuzi. Ijumaa alasiri, zikiwa kavu, nyunyiza maji kidogo, funga mafundo, na ukae chini ya pangaboi kwa saa mbili kabla ya kulala. Upepo wa pangaboi si moto na hauna madhara yoyote kwa nywele. Usivae kofia ya satini mpaka mafundo yameguswa na upepo huo, kwa sababu ukiyafunika yakiwa mabichi umeyafungia mvuke. Kisha fungua Jumamosi wakati huna safari, ili uwe na nafasi ya kuyaacha zaidi ikiwa hayajakauka. Utakapokuwa umejua nywele zako zinahitaji masaa mangapi, ndipo uzitegemee siku ya kazi.

Mchangiaji, Nairobi

Nakubaliana na wewe juu ya ukavu, lakini kusema kwamba kifaa si tatizo naona umekwenda mbali. Huenda ni kweli kwa mafundo, ambako kifaa ni nywele zenyewe. Mimi nina nywele zilizowekwa dawa, zinafika mabegani, na nimetumia rola kwa zaidi ya miaka kumi. Nywele zilizolainishwa hazina mkunjo wake wa asili wa kukusaidia, kwa hiyo umbo lote linatoka kwenye rola, na rola ikikosewa hata ukikaa siku mbili hupati kitu.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: unywele lazima uzunguke rola walau mara mbili na nusu. Ukizunguka mara moja tu utapata ncha iliyogeuka ndani na sehemu iliyobaki itanyooka. Kwa hiyo rola kubwa ni za nywele ndefu, na mwenye nywele za kufika shingoni achukue nyembamba, hata kama picha anayoiiga imetengenezwa kwa kubwa. Kipande cha nywele kisiwe kipana kuliko rola yenyewe, kwa kuwa zinazotokeza pembeni hukauka bila umbo. Zivute ziwe zimenyooka kutoka shinani unapozungusha, lakini usivute ngozi. Ncha ndizo ninazoziangalia zaidi ya yote: ncha ikikunjika vibaya, ikitokeza kama ndoano, itabaki hivyo mpaka utakapoosha tena. Mimi naifunika kwa kipande cha karatasi laini kabla ya kuanza kuzungusha.

Rola za kunata, zile zenye miiba midogo, sizipendi kwa nywele zenye dawa, maana zinashika na kuzinyofoa wakati wa kutoa. Za plastiki zenye matundu ndizo zinazopitisha hewa. Za sponji ni nzuri kwa kulalia, lakini sponji hunywa maji na kuyashikilia, kwa hiyo nywele ziwe zimekaribia kukauka kabla ya kuziweka.

Na usisahau kwamba huku kwetu nako kuna tabu yake. Julai ya Nairobi ni baridi, jua halitoki, na nywele zinaweza kushinda kutwa bila kukauka. Katika miezi hiyo naosha Jumapili asubuhi wala si jioni, nazitia kwenye fulana ya pamba ya zamani badala ya taulo, nasubiri zifike karibu robo tatu ya kukauka, ndipo naweka rola.

Mleta uzi, Tanga

Nimekubali, dada, na nalirekebisha neno langu. Niliandika kwa kuangalia nywele asilia ambazo zinajishika zenyewe. Kipimo cha mara mbili na nusu sikuwa nakijua, na sasa naelewa kwa nini rodi nene nilizowahi kuziweka kwenye nywele za mbele zilipokuwa fupi hazikufanya kitu. Jambo la fulana ya pamba nami naliunga mkono, kwa sababu taulo lina vitanzi vinavyokwaruza, na nywele zilizolowa hunyumbuka na kukatika kwa urahisi kuliko zilizokauka.

Mchangiaji, Unguja

Asalaam alaykum. Mimi nywele zangu ni ndefu na hazina mkunjo mwingi, ni za kushuka, kwa hiyo mafundo kwangu huacha makunyanzi tu. Mama yangu alitufundisha kutumia vitambaa. Unachana khanga iliyochakaa vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Nywele zikiwa karibu kukauka unachukua kitita, unaweka ncha zake katikati ya kitambaa, unazungusha kitambaa pamoja na nywele kuelekea juu, kisha unafunga pande mbili za kitambaa karibu na kichwa. Khanga ni pamba, inanyonya unyevu uliobaki, na ni laini kuilalia kuliko rola yoyote niliyowahi kuinunua. Vipande kumi na viwili vinanipa mikunjo mikubwa, ishirini vinanipa midogo.

Siku hizi wengi wanatumia mkanda mmoja mrefu wa joho la kuogea, wanaulaza juu ya kichwa kama taji na kuzungusha nywele kila upande. Nimeujaribu. Unapendeza kwa mawimbi makubwa, ila nywele za utosini hubaki bapa na za kisogoni zinachelewa kukauka kwa sababu zimerundikana mahali pamoja.

Nina mambo mawili kwa wenzangu tunaojistiri. Wengi hudhani mtandio ni kikwazo, na mimi nimeona unanisaidia. Ikiwa kuna sherehe ya wanawake usiku, nafunga vitambaa tangu jana yake, nahakikisha vimekauka asubuhi, kisha navaa mtandio juu yake na kwenda zangu kwenye shughuli. Nafungua pale pale ninapovua buibui, nachomeka kikuba cha asumini, na mikunjo inakuwa na umri wa dakika tano. Lakini viwe vimekauka kwanza, kwa maana chini ya mtandio hakuna kinachokauka. Jambo la pili ni udhu. Maji ya kupaka kichwani huvunja mkunjo wa mbele mara tano kwa siku. Sisi Washafii inatosha kupaka sehemu ya kichwa, kwa hiyo napaka sehemu ile ile ndogo kila mara, kwa kiganja kilichokung'utwa, na nywele nyingine zinabaki salama.

Mleta uzi, Tanga

Waalaykum salaam, dada. Maelezo yako ya khanga yamenigusa, kwa sababu bibi yangu alikuwa na fungu la vitambaa kama hivyo kwenye kikapu cha ushanga na hatukuwahi kumuuliza vilikuwa vya nini.

Mchangiaji, Dodoma

Habari zenu. Mimi ni baba wa mtoto wa kike wa miaka tisa. Mama yake yuko masomoni mbali na nyumbani kwa mwaka huu, na nywele za binti ni kazi yangu. Ana kipaimara mwezi ujao na ameomba nywele zake ziwe za mawimbi kama za binamu yake. Ndugu wamenishauri nimpeleke akapigwe pasi. Sitaki. Nywele zake ni asilia, laini, hazijawahi kuwekwa dawa, na ngozi ya kichwa chake inauma upesi. Naomba mnielekeze njia ambayo baba asiye na ujuzi ataiweza.

Mleta uzi, Tanga

Kaka, hongera kwa msimamo huo, na naomba uushikilie hata wakikusonga. Kwa mtoto mafundo hayafai, kwa kuwa kulala juu yake kunaumiza. Msokote nywele pacha, yaani kila sehemu uigawe mara mbili na kuzizungusha moja juu ya nyingine hadi nchani. Sehemu nane au kumi kwa kichwa kizima zinatosha. Anza kusokota umbali wa kidole kimoja kutoka ngozini, bila kuvuta, na ncha uzizungushe kwenye rodi laini ya sponji ili zisibaki zimenyooka. Dodoma ni pakavu, kwa hiyo ukianza saa kumi jioni, kufikia asubuhi zitakuwa tayari bila shida.

Ninachokuomba zaidi ni ufanye jaribio wikiendi mbili kabla ya siku yenyewe. Mkono wako utakuwa umezoea, na binti atakuwa ameona matokeo na kusema kama anayapenda. Mwulize wakati unasokota kama panauma, na akisema panauma, fungua hiyo sehemu na uanze upya, hata kama umebakiza moja tu kumaliza. Ukiona vipele vidogo kwenye mashina au ngozi imeinuka kama imevutwa, umekaza mno.

Mchangiaji, Morogoro

Nafanya kazi katika zahanati, na nimefurahi kuona suala la kukaza limetajwa. Nywele zinazovutwa mahali pamoja kwa muda mrefu hudhoofisha mashina, na tunaliona zaidi kwenye kingo za mbele na juu ya masikio. Mwanzoni zinaweza kurudi mtu akiacha kuzivuta. Akiendelea kwa miaka, ngozi hutengeneza kovu na nywele haziwezi kuota tena pale. Kukunja bila moto kunaepusha kuungua, lakini hakumkingi mtu na hili ikiwa rola zinakazwa mpaka anashindwa kulala. Anayeamka na maumivu ya kichwa ajue jibu analo.

Jambo jingine ni kuazimana. Mapunye huambukizwa kwa vitana, kofia na vifaa vya nywele, hasa kwa watoto. Rola na vitambaa vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, na kila mtoto awe na vyake. Mtoto mwenye mabaka yaliyonyonyoka nywele au yenye magamba apelekwe kwanza kutibiwa, na nywele zisubiri.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nina swali juu ya rasta na mawigi. Wasusi huzungusha ncha za rasta kwenye rola na kuzichovya katika maji yanayochemka ili zijikunje. Juzi dada yangu alimwagikiwa begani, na sasa tunatafuta njia ya maji baridi. Je, vitambaa hivi vya khanga vitafanya kazi?

Mleta uzi, Tanga

Pole sana kwa dada yako. Kwa rasta jibu langu ni hapana, na sababu ni ile ile tuliyoanza nayo. Rasta ni nyuzi za kutengenezwa kiwandani, za jamii ya plastiki. Hazina keratini, na maji hayaingii ndani yake kama yanavyoingia kwenye unywele, kwa hiyo hakuna kifungo cha haidrojeni cha kufungua na kufunga. Kinachozipa umbo ni joto pekee. Ukizifunga kwa khanga mwezi mzima, zitarudi zilivyokuwa. Mimi ningemshauri anunue rasta zilizokunjwa tayari kiwandani, ambazo ziko madukani kwa wingi, kuliko kubeba sufuria la maji ya moto karibu na uso na shingo.

Wigi ni lazima ujue limetengenezwa kwa nini. Kama ni nywele za binadamu, rola na vitambaa vitakubali vizuri, tena kwa raha zaidi, kwa sababu unaliweka juu ya kichwa cha sponji mezani na unaliacha likauke hata siku mbili bila kumsumbua mtu. Kama ni nyuzi za kiwandani, ni kama rasta.

Mchangiaji, Nairobi

Kuna swali moja ambalo hatujaligusa, nalo ni kuzitunza nywele zikishakunjwa, kwa maana usiku wa kwanza ndio unaoharibu kazi yote. Mimi nazungushia kila kitita kwenye vidole viwili, nakilaza kichwani na kukibana kwa kibanio, kisha nafunga kitambaa cha satini. Asubuhi natoa vibanio na kutikisa kichwa. Sinyunyizii maji hata zikionekana kavu, kwa sababu kila tone linarudisha nyuma tulichokisubiri.

Mleta uzi, Tanga

Kwa nywele asilia nyepesi zaidi ni kuzikusanya zote utosini, kuzifunga kwa skafu laini bila kukaza, na kulala hivyo hivyo ncha zikiwa juu. Mafuta yawe machache. Wapo wanaopaka mafuta mengi kabla ya jeli wakidhani wanalinda mikunjo, kumbe mafuta yanazuia jeli isishike na yanachelewesha maji kutoka. Kama krimu na jeli zinaacha unga mweupe, hazipatani. Zichanganye kwanza kiganjani, na zikigandamana vipande vipande tafuta nyingine kabla hujazifikisha kichwani.

Mchangiaji, Mombasa

Nimerudi, dada. Nilifanya ulivyoniambia: nyuzi Alhamisi, mafundo Ijumaa alasiri, pangaboi mpaka saa nne usiku, na krimu yenye gliserini nikaiacha kabatini. Jumamosi saa mbili asubuhi nikayafungua. Leo ni Jumatatu, nimevuka feri kwenda na kurudi, na za mbele na za pembeni bado zimekunjika. Mwenzangu wa ofisini ameniuliza nimekwenda saluni gani. Lakini za kisogoni, safu ya chini kabisa, zilifura siku ile ile. Zilikuwa kama za mtu mwingine.

Mleta uzi, Tanga

Alhamdulillahi, dada, nimefurahi sana. Kisogoni ndiko nywele huwa nene kwa wengi wetu, ndiko tunakolalia, na pangaboi halifiki. Mara ijayo fanya mafundo ya safu hiyo yawe madogo na mengi zaidi, mawili mahali ulipoweka moja, na uyafunge kwanza kabla ya mengine ili yapate muda mrefu. Asubuhi, kabla hujagusa fundo lolote la mbele, fungua moja la kisogoni, la katikati, na uliguse kwa midomo, kwa sababu midomo inahisi ubaridi wa maji ambao vidole havihisi. Likiwa la baridi, lirudishe, funga kibanio, unywe chai yako, na uliguse tena baada ya saa moja.

Mchangiaji, Mombasa

Nilifungua za mbele kwanza, ndizo nilizotaka kuziona. Ijumaa hii naanza na kisogo.